Maswali na Majibu: Behewa hili la nafaka lilibadilishwa nini?

SWALI: Nimepata picha ya zamani ya hopa yenye paa (behewa la kupakiwa juu na kumwagwa chini), aina ya Center Flow, iliyopigwa Kansas, Marekani. Ubavuni imeandikwa BLT 10-66, LT WT 63100, LD LMT 199900, kisha 8-79. Orodha niliyo nayo inasema ilitoka kiwandani ikiwa na uzito wa pauni 62,300 bila mzigo. Kipi ni sahihi, na je, behewa lilibadilishwa nini?

JIBU: Vyote viwili, ndugu msomaji, na pauni hizo 800 ndizo zenye habari unayoitafuta. BLT ni mwezi na mwaka wa kuundwa, LT WT ni uzito wa behewa tupu, LD LMT ni mzigo wa juu kabisa linaoruhusiwa kubeba. Jumlisha LT WT na LD LMT: unapata pauni 263,000, kikomo cha kawaida cha behewa la tani 100 enzi hizo. Agosti 1979 behewa lilipimwa upya, na kilichoongezeka kwenye chuma kikapunguzwa kwenye mzigo. Rangi peke yake haifikishi pauni 800.

Sasa kagua paa kwa lenzi. Matundu ya duara yaliyozibwa kwa mabati ya kuchomelea, huku mfuniko mmoja mrefu ukipita katikati, yanaonyesha behewa liligeuzwa ili lipakiwe nafaka haraka. Kisha tazama milango ya chini: ya kumwaga kwa uzito wa mzigo wenyewe, au ya kunyonya kwa hewa? Njia ya kutembelea juu ya paa isikupoteze. Mabehewa ya sanduku yalianza kuundwa bila njia hiyo mwaka 1966, lakini hopa zilibaki nayo kwa sababu mtu lazima afikie mifuniko.

Namba ya behewa usiitegemee sana. Kwa mfano, kampuni ya reli ya Burlington Northern ilipoundwa mwaka 1970 kwa kuunganisha kampuni kadhaa, mabehewa mengi yalipewa namba mpya. Tafuta Official Railway Equipment Register, orodha rasmi ya mabehewa ya kampuni za reli, matoleo ya kabla na baada ya 1979, ulinganishe mstari wa kundi la namba zako: ujazo kwa futi, uzito unaoruhusiwa, idadi ya mabehewa. Namba chache zikitolewa kwenye kundi na kuandikwa kwenye mstari wao wenyewe, hapo pana mabadiliko.

Center Flow ni kazi ya ACF (American Car and Foundry), kampuni ya kuunda mabehewa, na kumbukumbu za kampuni hiyo zimo Barriger, maktaba ya reli iliyoko St. Louis. Ukiwaandikia, taja mwezi wa kuundwa na ujazo kabla ya namba.