Maswali ya Wasomaji: Miungu kwenye Sarafu za Kirumi

SWALI: Nyuma ya dinari nyingi za Kirumi amesimama mwanamke mwenye kitu mkononi. Nitamtambuaje, na kaisari alimweka pale kwa nini?

JIBU: Sura achana nayo, zote zinafanana. Tazama mikono. Usukani wa meli na pembe lililojaa matunda ni Fortuna. Tawi la mzeituni kwa kawaida ni Pax, yaani amani. Mizani na pembe ni Aequitas, haki ya vipimo. Kisha soma maandishi, maana Moneta, mlinzi wa kiwanda cha sarafu, naye hushika mizani na pembe, na hapo wengi huteleza. V husomwa pia kama U: AEQVITAS AVG ni “haki ya Augusto”, yaani ya kaisari, maana Augusto ni cheo chake. Siasa imo kwenye hilo AVG, kwani sifa inayoabudiwa imegeuzwa mali ya mtawala.

Usiisome sarafu kama taarifa ya habari. Kaisari Nerva alitoa sarafu zenye mikono miwili iliyoshikana na maneno CONCORDIA EXERCITVVM, “mapatano ya majeshi”. Mwaka 97 BK walinzi wake wenyewe walimzingira kudai akabidhi wauaji wa Domitian, kaisari aliyemtangulia. Kaisari Gallienus naye alitangaza Aequitas huku fedha ndani ya sarafu zake ikizidi kupungua. Ukiona sifa inapigiwa debe mno, ulizia kilichokuwa kikitokea wakati huo.

SWALI: Mwaka haukuandikwa. Nitaupataje?

JIBU: Tafuta TR P, mamlaka ya utetezi wa raia, namba yake hupanda kila mwaka. COS, yaani ukonsuli, hukaa palepale hadi kaisari aushike tena: COS V (hapa V ni namba tano) ya kaisari Trajan ni kati ya 103 na 111 BK. PM ni kuhani mkuu, cheo cha karibu kila kaisari, kwa hiyo hakikusaidii sana.

SWALI: Je, kaisari Constantine alipoupokea Ukristo miungu iliondoka kwenye sarafu?

JIBU: Si mara moja. Ushindi wake wa 312, unaohusishwa na kuongoka kwake, ulipita, na Jua Lisiloshindwa, mungu wa Kirumi, likaendelea kuchapwa kwa miaka kadhaa kama mwandani wake. Hata baada ya kifo chake mwaka 337, wanawe walitoa sarafu inayomwita DV, kifupi cha “aliyefanywa mungu”. Amejifunika kichwa, anapaa kwa gari la farasi wanne, na mkono unashuka kutoka mbinguni kumpokea. Mpagani aliona kaisari akienda kwa miungu, Mkristo akaona mkono wa Mungu.