Feni isiyopunguza kasi kwenye Linux: tafuta draiva kwanza

Ukiletewa kompyuta ya mezani yenye Linux, feni inavuma mwanzo mwisho hata mashine ikiwa haina kazi, usikimbilie fancontrol, programu ya kupanga kasi ya feni kufuata joto. Wengi mnaoanza ufundi mnaingilia hapo. Mnaendesha pwmconfig, amri ya kuiandalia usanidi, inajibu kwamba hakuna moduli ya kudhibiti feni, basi mnamwambia mteja madabodi imekufa. Haijafa. Fancontrol ni tarishi tu. Anayeongea na chipu ya feni ni draiva ya keneli, yaani kiini cha Linux, na isipopakiwa hiyo hakuna wa kupokea ujumbe.

Futa vumbi kwanza, hilo halina mjadala. Kisha andika sensors, amri ya kusoma joto na kasi ya feni. Ukiona joto la prosesa peke yake, yaani coretemp kwa Intel au k10temp kwa AMD, na hakuna mstari wa fan1, umeshapata jibu nusu. Joto hilo linapimwa ndani ya prosesa. Feni zinashikwa na chipu nyingine kwenye madabodi, mara nyingi ya Nuvoton au ITE. Mulika kwa tochi ya simu usome jina lake, au iachie sensors-detect ikutafutie. Za Nuvoton nyingi hutumia draiva ya nct6775, za ITE it87.

Sasa modprobe, amri ya kupakia draiva, inaweza kugoma. Soma dmesg, kumbukumbu za keneli: ukikuta malalamiko ya mgongano na ACPI, njia ambayo BIOS na keneli huelewana kuhusu vifaa, BIOS imeshajitengea anwani za chipu hiyo. Mtandaoni utaambiwa uiwashe keneli na acpi_enforce_resources=lax. Inafanya kazi, ila unaruhusu wawili washike kitu kimoja kwa wakati mmoja, na vipimo vinaweza kuvurugika. Kwenye mashine ya mteja mimi siipendi. Kwa it87, keneli za karibuni zina chaguo la ignore_resource_conflict=1, inayolegeza draiva hiyo pekee. Afadhali hiyo.

Draiva ikikubali, ingia /sys/class/hwmon ufungue faili la name katika kila folda mpaka uipate chipu yako. temp1_input ikisoma 45000 ni nyuzi 45. fan1_input ni mizunguko kwa dakika. Joto la AUXTIN likionyesha 127 au hasi 128, achana nalo. Kwa kawaida ni pini isiyofungwa kitu.

Kabla ya kugusa pwm1_enable, faili linaloamua nani anaongoza feni, andika pembeni thamani uliyoikuta, maana ndiyo utakayoirudisha. Kwenye nct6775 huwa 5 mara nyingi. Weka 1, yaani uongoze mwenyewe, kisha 120 kwenye pwm1, ambayo kipimo chake ni 0 hadi 255. Tega sikio, na uangalie feni ipi hasa imepungua, kwa sababu fan2 ya kwenye skrini si lazima iwe ile unayoidhania. Hakuna iliyobadilika? Hesabu waya. Feni ya pini 3 haina waya wa PWM, ule wa kupokea amri ya kasi, kwa hiyo nenda BIOS ubadilishe soketi yake iwe DC, yaani kasi iongozwe kwa volti.

Hapo ndipo fancontrol ina maana. Baada ya kuwasha upya ikigoma ikidai usanidi umepitwa na wakati, kagua namba: hwmon2 ya jana huenda leo ni hwmon3. Rudia pwmconfig, halafu orodhesha draiva kwenye /etc/modules-load.d ili zipande kwa mpangilio uleule. Mara nyingi inatosha.

Laptop zina njia zake. ThinkPad, kwa mfano, itakusomea kasi ya feni bila shida, lakini haikubali amri mpaka thinkpad_acpi ipakiwe na fan_control=1.