Iago alikuwa na shida gani hasa? Majibu ya barua za mwezi huu

Barua za safari hii nyingi ni za wasomaji wa Moshi na Arusha, na karibu zote ni Shakespeare, sijui mmeambizana. Nimechukua tatu. Kwa asiyekijua kisa cha Othello: Othello ni jemadari, Iago ni mshika bendera wake, na Iago anamdanganya kwamba mkewe Desdemona anatembea na Cassio, leso ya Desdemona ikiwa ndo ushahidi, mpaka Othello anamuua mkewe.

*Shikamoo dada. Niko kidato cha sita hapa Moshi, tunasoma Othello, na mwalimu anataka kila mhusika tumpe sifa tatu. Iago nimempa wivu, unafiki na ukatili. Sasa rafiki yangu anasema Iago hana sababu yoyote, ni shetani tu, mi nasema kanyimwa cheo ndo maana kafanya yote yale. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Rau, Moshi*

Marahaba mdogo wangu. Hizo sifa tatu ziandike tu maana mtihani ni mtihani, ila usidhani umemaliza, wivu ni jina la ugonjwa, halikuambii umeingilia wapi. Ukitaka kujua mhusika anasukumwa na nini usiishie kwenye anachosema, angalia anamwambia nani na anataka nini kwa huyo mtu wakati anasema.

Chukua hiyo ya cheo. Kweli mchezo unaanza na Iago analalamika kwamba wakubwa watatu wa mji walimwombea uluteni, yaani awe msaidizi wa Othello, Othello akampa Cassio, mtu wa Florence ambaye eti vita anavijua vya kwenye vitabu tu. Inauma, hata mi ingeniuma. Lakini anamwambia nani? Roderigo, yule mwenye hela anayemtaka Desdemona, ambaye Iago anamkamua kila siku kwa ahadi hewa. Roderigo kashaanza kushtuka, anaona huyu jamaa anakula hela zangu na bosi wake ni Othello huyohuyo, kwa hiyo Iago lazima atoe sababu ya chuki ambayo hata mtu mzito wa kuelewa ataielewa. Inawezekana habari ya cheo ni ya kweli kabisa na bado kazi yake pale ikawa ni kulinda ulaji.

Afu nenda tendo la tatu, onyesho la tatu, mwishoni kabisa. Othello kapiga magoti, kaapa kisasi, anamwambia Iago sasa wewe ndo luteni wangu. Kapata! Kile alichokililia kiko mkononi, na haachi, wala hatumwoni akikishangilia. Unaweza kubisha kwamba hapo kashaenda mbali hawezi kurudi, ni hoja nzuri iandike, ila mi hainitoshi.

Akibaki peke yake ndo utamu wenyewe. Mwisho wa tendo la kwanza anasema anamchukia Othello, halafu ndo anaongezea kwamba watu wanasema katembea na mke wangu, na papo hapo anakiri hajui kama ni kweli ila atafanya kama vile ni kweli. Yaani chuki imetangulia, sababu inaokotwa njiani. Tendo la pili anaongeza kwamba hata Cassio anamshuku kwa mke wake, na kwamba yeye Iago mwenyewe anamtamani Desdemona kiaina, na katikati ya hayo hayo anakubali Othello ni mtu muungwana mwenye upendo! Mtu akinipa sababu nne na kila moja imezaliwa siku yake, mi siamini hata moja. Coleridge, mshairi wa Uingereza, alishaliona hili, akasema Iago anahangaika kutafuta sababu za uovu usio na sababu, kwa hiyo rafiki yako ana mkubwa nyuma yake.

Ila mi na Coleridge tunaachana hapa. Tendo la tano, usiku, Iago yuko gizani anasubiri Roderigo amchome Cassio, hakuna wa kumdanganya, na anasema harakaharaka kwamba Cassio akibaki hai, maisha yake yana uzuri wa kila siku unaonifanya mimi nionekane mbaya. Basi, hakai hapo hata kidogo, anarukia hofu yake kwamba Othello anaweza kwenda kumwambia Cassio kila kitu. Mi nadhani hapo ndo penyewe. Haombi cheo wala mke, kinachomkera ni kwamba kuna watu wazuri bila hata kujitahidi na kuwepo kwao tu kunamwonyesha yeye alivyo, ndo maana Cassio, Desdemona na Othello wote watatu lazima waharibiwe, sio mmoja.

Na Shakespeare alifanya makusudi. Kisa alikitoa kwa Mwitaliano Giraldi Cinthio, kilichapishwa 1565, na mle mshika bendera (ndo Iago wetu, hana hata jina, mwenye jina ni Disdemona peke yake) anampenda mke wa mkubwa wake, mke hana habari naye, mapenzi yanageuka chuki, kila kitu kimenyooka. Shakespeare akaikuta hiyo sababu safi akaibomoa, akabakiza kale katamaa kadogo ka tendo la pili. Mwisho Iago anabanwa aseme kwa nini, anajibu mnachokijua mnakijua, na kwamba hatatamka neno tena. Hilo jibu liweke kwenye insha yako kabla ya sifa zote tatu.

*Hujambo mwanangu. Binti yangu na kikundi chao hapa Ngarenaro wanafanya mazoezi ya mchezo huo wa Othello, yeye kapewa Emilia, mke wa Iago, sasa kila jioni ananung'unika kwamba kapewa mjinga, mwanamke anaiba leso anampa mume bila hata kuuliza ya nini. Mimi nimekaa kwenye ndoa miaka mingi, ujinga siuoni. Mwambie wewe pengine atasikia. – Mama wa Ngarenaro, Arusha*

Shikamoo mama. Mwambie kwanza asome tena, maana Emilia hakuiba na aliuliza. Leso ilidondoka, Desdemona alitaka kumfunga Othello kichwa kilichokuwa kinamuuma, Othello akaisukuma ikaanguka chini. Emilia akaiokota, akakumbuka mume kamsumbua mara mia aichukue, na wazo lake la kwanza lilikuwa atoe nakala ya ile nakshi ampe Iago. Iago alipoinyakua akamuuliza ya nini, akajibiwa inakuhusu nini, akasema kama huna kazi nayo ya maana nirudishie. Sasa ujinga uko wapi hapo?

Kosa lake liko onyesho linalofuata na ndo la kumfanyisha mazoezi. Desdemona anamuuliza nimeidondoshea wapi ile leso, Emilia anasema sijui mama. Afu Othello anaingia anaidai leso kwa ukali mpaka nyumba nzima inasikia, na Emilia amesimama palepale kimya. Othello akishatoka ndo anafungua mdomo kusema wanaume wote ni matumbo na sisi ni chakula chao, wakishiba wanatutapika. Binti ashike hapo! Emilia ana imani yake kuhusu wanaume wote, na imani hiyo inamfaa sana, maana kama hasira ya Othello ni ya kiume tu basi haina uhusiano na leso, na kama haina uhusiano na leso basi yeye hajafanya kitu. Ndo maana hata akija kugundua kilichotokea anarudia "mume wangu?" mara kadhaa kama mtu asiyesikia vizuri, na wakati Iago anamwamuru aende nyumbani anasema ni haki nimtii ila sio sasa, na pengine sitarudi nyumbani kamwe. Anauawa na mume wake muda huohuo. Acheze mtu aliyezoea kunyamaza mama, mjinga hawezi kusema maneno yale.

*Mambo vipi dada, wale wachawi walishamwambia Macbeth atakuwa mfalme, sasa kama imeandikwa, kosa lake nini? – Chalii wa Sanawari*

Poa. Huo ni mchezo mwingine wa Shakespeare, Macbeth anamuua mfalme wake Duncan ili atawale. Banquo, mwenzake wa vitani, alikuwa palepale, kaambiwa na yeye kwamba kizazi chake kitatawala, na hakuua mtu. Wachawi hawakusema ua, neno la kuua kalileta Macbeth mwenyewe kichwani mwake dakika zilezile, na aliogopa kalijua limetoka kwake. Na kumbuka alijiambia kama bahati inataka niwe mfalme basi initawaze yenyewe, akabadilika pale Duncan alipomtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi. Foleni imemrefukia, basi.

Ila usimwone huyo Banquo malaika sana. Kwenye kitabu cha historia cha Holinshed alichokitumia Shakespeare, Banquo alikuwa mshirika wa Macbeth katika kumuua Duncan. Shakespeare kamsafisha, na sababu haiko mbali: James aliyepanda kiti cha Uingereza 1603 alikuwa anahesabu ukoo wake kuanzia kwa Banquo, nani angeandika kwamba babu wa mfalme ni muuaji? Kama Kiingereza cha zamani kinakuchosha kuna tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, ya 1968, iulizie maktaba.