Antena moja ya waya kwa mita 40, 20 na 15: mimi nilifanya hivi

Mkuu, umeuliza kama bendi tatu za redio ya ridhaa (amateur), zinazoitwa kwa urefu wa mawimbi yake, mita 40, 20 na 15, zinaweza kupita kwenye antena moja yenye kebo moja, na kiwanja chako kina urefu wa mita 22 tu. Zinapita. Yangu ipo hewani hapa Tanga mwaka wa tatu huu, wati 100.

Ni jozi mbili za waya zinazoanzia katikati pamoja. Hesabu: 142.5 gawa kwa masafa (frequency) ya MHz, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 7.1 (bendi ya mita 40, jozi ndefu) ni kama mita 10.03 kila upande, kwa 14.2 (mita 20, jozi fupi) nusu ya hapo. Lakini hiyo ni ya waya mtupu. Waya wa umeme wa nyumba, ule wa 1.5 wenye ganda, masafa yake hushuka kwa asilimia chache, kwa hiyo mwishoni utaufupisha. Usikate kwa pupa: kunja ncha, ijizungushie yenyewe, kisha upime. Anza na mrefu, maana ukiugusa, masafa ya mfupi nayo yanahama.

Nilipokosea: nilizifunga jozi zote kwa zip tie, zikiachana sentimita tano. 40 safi, 20 ikagoma. SWR, yaani kipimo cha mawimbi yanayorudi nyuma badala ya kutoka kwenye antena (1 ndiyo bora), ilishuka kwenye kijisehemu chembamba tu, tena juu ya 14.5 MHz. Nikarefusha, nikafupisha, jua la saa saba utosini, mke wangu akauliza kama naanika nguo. Dawa ilikuwa kuzitenganisha: ncha za mfupi nikazivuta kwa kamba ya nailoni hadi zikakaa nusu mita chini ya mrefu. SWR ikatua 1.4.

Mita 15 haina waya wake. Mrefu huitikia pia karibu na mara tatu ya masafa yake, ila wangu uliangukia 21.7 MHz na bendi inaishia 21.450. Kuurefusha kungeharibu 40. Nikaning'iniza vipande vya sentimita 30, kimoja kila upande, mita 3.4 kutoka katikati. Hapo volti za mita 15 ziko juu, za mita 40 bado ndogo; 15 ikashuka hadi ndani ya bendi, 40 haikutikisika sana.

Viungo vipake silikoni, chumvi ya bahari haina huruma. Na kamba usiirushe karibu na nyaya za umeme.

Ukipima, weka namba hapa na useme waya uko juu kiasi gani. Wangu uko mita 8: mwembe huku, mnara wa tanki la maji kule.