Ubabe wa karani umeenda wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama kompyuta zimempunguzia karani wa serikali ubabe. Zimempunguzia, sibishi, ila mi nauliza ule ubabe umeenda wapi, maana mwananchi hajaupata.

Nilikuwa foleni ofisi moja ya mafao, mbele yangu mama mjane anafuatilia pensheni ya marehemu mumewe, sasa kwenye mfumo mwaka wa kuzaliwa umeingizwa 1985 badala ya 1958, yaani kwa hesabu ya mfumo huyo baba aliajiriwa kabla hajazaliwa. Cheti halisi anacho. Karani kakisoma, kakubali kabisa kosa ni la ofisi, halafu akageuza skrini, "ona mwenyewe mama, hapa pamefungwa, sina ruhusa." Mama akauliza nani anayo, akaambiwa makao makuu, watu wa tehama. Akaomba jina, jina hakuna, kuna namba ya tiketi tu, yaani namba ya ombi lililotumwa huko. Akaitwa bosi, mkuu wa ofisi mwenye muhuri na saini, akatazama skrini ileile na yeye hawezi kugeuza tarakimu mbili! Karani alikuwa anaomba radhi kwa dhati, hakuwa mtu mbaya hata kidogo, na ndo kilichoniumiza, yule mama hakuwa na wa kugombana naye.

Danziger na wenzake, watafiti wa Marekani, walishaandika 1982 kwamba kompyuta serikalini zinawaongezea nguvu wale ambao tayari wanazo. Na Uholanzi mamlaka ya kodi, kwa mfumo na kwa sheria kali, iliwahesabu kimakosa maelfu ya wazazi kuwa matapeli wa ruzuku ya malezi ya watoto, wakadaiwa mpaka familia zikavunjika, serikali ikajiuzulu Januari 2021.

Lakini nikiandika hivi nakumbuka na masijala ya zamani, faili "limepotea" mpaka utoe kitu kidogo, na ushahidi huna. Yule mama angesahihishiwa siku hiyohiyo, sawa, ila na tapeli mwenye hela naye angesahihishiwa. Mfumo angalau unaandika nani kagusa nini, saa ngapi. Kwa hiyo mkinilazimisha nachagua mfumo, tena bila kusita sana, ila karani wa dirishani aweze kurekebisha kosa akiwa na cheti mkononi na jina lake libaki humo, mwananchi aone nani kafungua taarifa zake kama wanavyoona watu wa Estonia kule Ulaya, na malipo yasisimamishwe eti tiketi bado inasubiri makao makuu.