Vijana wa tawi walikula bila kulipa: nijitoe uongozi?

Ndugu yangu, umeuliza kama ujitoe uongozi wa tawi lako la mashabiki wa mpira, baada ya vijana wako kutoka Kigoma kula wali kwa mama ntilie pale Tabora, wakapanda basi bila kulipa. Usijitoe bado. Kwanza mtumie yule mama hela yake, hata leo kwa simu. Huenda mchele wenyewe alikopa. Inaniuma sana hiyo.

Safari ijayo andika majina kabla ya kuondoka, pombe isipande garini, na dereva asiwashe gari mpaka wauzaji wamelipwa. Mbishi mrudishie nauli, abaki. Kumbuka, fainali ya Simba na Yanga mwaka 2021 ilichezwa kwetu Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika. Wageni walijaa, na mama zetu nao walipika, kama huyo wa Tabora.