Grili za AC za dari: usichague kwa macho peke yake

Mkuu, umeuliza uweke grili gani kwenye AC ya dakti (ile inayopitisha hewa kwenye mabomba juu ya dari) unayofunga sebuleni na vyumbani, maana mama watoto hataki yale ya mraba yanayofanya nyumba ionekane kama benki. Namwelewa kabisa. Nazungumzia grili za kutolea hewa darini, siyo nondo za madirisha. Mimi nimeishi na aina tatu katika nyumba moja Kigamboni, na ya kwanza ilinitia hasara, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu wa jibu.

Mara ya kwanza nilizunguka Kariakoo nikapenda grili za bati zenye nakshi za maua, nyeupe, zinang'aa. Masika yalipoingia tukawa na wageni, mlango wa baraza uko wazi, watu wanaingia na kutoka. Tone la maji likadondoka kwenye kitambaa cha meza, jingine kwenye sahani ya mama mkwe. Nilipanda ngazi. Nikipitisha kidole ukingoni mwa grili, kinarudi na maji ya rangi ya chai, kutu tupu, na jipsamu ya pembeni imelainika na kuota vidoa vyeusi vya ukungu.

Fundi wa pili ndiye aliyenieleza. Hewa ikitoka kwenye AC huwa nyuzi 13 hadi 15 hivi. Hewa yetu ya pwani ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, huanza kuacha maji mara tu inapogusa kitu chenye nyuzi 25 kushuka chini. Bati linapoa haraka, basi linatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kibaya zaidi, fundi wa kwanza hakuziba pale dakti inapokutana na grili, wala hakuvisha sponji ya kuzuia baridi, kwa hiyo hewa yenye unyevu iliyo juu ya dari ilikuwa inakutana na baridi hapo hapo. Hiyo sehemu isimamie mwenyewe, ukiwa juu ya ngazi, kabla dari haijafungwa.

Sasa sebuleni nina zile ndefu nyembamba za aluminiamu, zenye rangi ya unga iliyookwa. Zimelala sambamba na kidato cha dari ya jipsamu, na mgeni hudhani ni mstari wa pambo tu. Uzuri wake mwingine ni kwamba hewa inatoka ikiambaa na dari kisha inashuka taratibu, haimpigi mtu kichwani kwenye kochi. Ila zinahitaji boksi juu yake la kusambaza hewa sawasawa, na kwangu lilikula karibu sentimita 30. Vyumbani nimeweka za duara za plastiki ngumu. Hazishiki kutu na jasho lake ni dogo, ila usinunue nyepesi sana maana hugeuka njano.

Kitu ambacho wauzaji hawakiambii: usiangalie ukubwa wa fremu, angalia uwazi unaopitisha hewa. Grili yenye nakshi nyingi inaweza kuwa wazi nusu tu, na ukiiweka kwa kipimo kile kile cha grili ya kawaida, hewa inalazimika kukimbia na utasikia mluzi usiku kucha. Kwa AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu yake ya kupoza) tegemea hewa ya mita za ujazo kama 680 kwa saa. Mpe fundi hesabu hiyo, kisha mwambie spidi ya hewa kwenye grili za chumba cha kulala isizidi mita 2 kwa sekunde. Ukipenda nakshi, weka kubwa zaidi.

Grili ya hewa ya kurudi, ile inayovuta hewa ya ndani kuirudisha kwenye AC, wengi huisahau hadi mwisho, halafu inatobolewa katikati ya korido kama kiraka. Yangu iko juu ya mlango wa stoo, ya matundu madogo madogo ya mraba, ina bawaba, naifungua na kuosha kichujio bila kuita fundi. Ipake rangi ile ile ya dari na haitaonekana.

Kabla hujalipia chochote, pima nafasi kati ya zege na mahali jipsamu itakapokaa, uniandikie hapa na upana wa sebule. Kama hupati hizo sentimita 30, zile ndefu hazitakufaa na tutazungumzia za duara.